Rajabu Maarufu

Barua ilifika Chamhene siku ya Ijumaa, watu wakiwa ndiyo kwanza wanatoka msikitini. Aliyeileta ni askari Halfani, ambaye hakujua kusoma lakini alijua kutisha watu kwa kunyamaza. Aliishika kwa vidole viwili, akasimama katikati ya njia, akauliza Rajabu yuko wapi. Wanaume wanne wakageuka kwa pamoja. Wa tano hakugeuka. Aliinama kufunga kamba za viatu, na siku hiyo alikuwa pekupeku.

Adija aliyaona hayo kutoka mlangoni kwake, ng'ambo ya njia, ungo wa mtama mikononi. Huyo wa tano alikuwa mumewe. Alipomwona anahangaika na kamba zisizokuwepo, aliweka ungo chini, maana yeye peke yake katika mji mzima alijua mumewe anaogopa nini.

Mji wenyewe si mji wa kutisha mtu. Ulikuwa kambi ya misafara tangu zamani, mwendo wa nusu siku kutoka Mpwapwa, nyumba za tembe zimebanana bondeni na boma la Wadachi, yaani Wajerumani, limekaa kilimani. Katika nyumba zisizofika sitini walikuwamo Rajabu watano, na kila mmoja alijiona ndiye Rajabu hasa, wengine wamejibandika. Alikuwapo Mzee Rajabu, aliyekwenda Bagamoyo na msafara wa pembe mara tatu, kisha mara tano, na mwaka ule alikuwa amefika mara tisa bila kutoka barazani kwake. Alikuwapo Rajabu Mrefu, mchinjaji, mtu wa kimo cha kiunoni kwa wenzake. Alikuwapo Rajabu Tarumbeta, askari wa zamani aliyepuliza tarumbeta ya jeshi mpaka meno ya mbele yakalegea. Alikuwapo Rajabu Mazengo, Mgogo mwenye ng'ombe, aliyesilimu miaka miwili tu iliyopita na bado alilipenda jina lake kama mtu anavyopenda nguo ya sikukuu. Wa mwisho ni Rajabu wa Shogi, mume wa Adija, aliyeuza shogi, ile mifuko miwili ya kumbebeshea punda ubavu huu na ubavu huu.

Watu wa jina moja huitana somo, na somo si mtu wa kupita tu. Akifiwa, wewe ndiye wa kwanza kufika. Akioa, wewe ndiye wa mwisho kuondoka. Masomo wa Chamhene walifuata yote hayo barabara, ila neno moja liliwashinda: walibishana miaka na miaka nani kati yao anajulikana zaidi.

Mwalimu wa chuo cha Kurani akaifungua barua, akaisoma kwa sauti. Ilikuwa na mstari mmoja: “Rajabu, yule maarufu, afike bomani Jumatatu saa tatu asubuhi bila kukosa.”

Basi hapo ungewaonea huruma. Watu waliogombania umaarufu tangu ujana wao walianza kuurushiana kama kaa la moto. Mzee Rajabu alisema yeye ni kikongwe tu, Bagamoyo kwenyewe alikwenda mara moja, tena akiwa mgonjwa. Rajabu Mrefu alisema umaarufu ni wa Tarumbeta, maana tarumbeta husikika mbali. Tarumbeta naye akasema hata mkewe humsahau jina. Rajabu Mazengo peke yake aliuliza kwa upole maana ya neno maarufu, na alipoelezwa akasema yeye anajulikana na ng'ombe wake, zaidi ya hapo hajui. Mume wa Adija alikwisha ingia ndani.

*

Adija alimkuta chini ya kitanda, katikati ya mikeka iliyokunjwa, miguu imebaki nje.

“Ni lile turubai,” alisema yule aliyekuwa chini.

“Najua ni turubai. Vuta miguu.”

Miezi minne nyuma, wakati wa mvua, mzigo wa boma ulidondoka mgongoni mwa mpagazi pale kwenye kivuko cha mto, na Rajabu aliukuta tope limeufunika. Ulikuwa turubai jipya, zito, lisilopitisha maji. Alilificha siku tatu akingoja mtu aliulizie. Siku ya nne akalikata. Yeye ndiye mkataji na muuzaji, Adija ndiye mshonaji, ingawa mji mzima ulisema shogi za Rajabu na hakuna aliyewahi kuuliza ni vidole vya nani vyenye sugu. Turubai lile lilikuwa na muhuri mweusi wa ndege wa Wadachi, mabawa wazi. Adija aliugeuza ndani akaufunika kwa kipande cha gunia, akashona juu yake mara mbili. Shogi zile Rajabu alimuuzia Yotham, mchukuzi wa chumvi, ambaye punda wake walipita mbele ya boma kila wiki.

“Ndege ameonekana,” Rajabu alisema. “Wamemkamata Yotham, Yotham amenitaja. Hamsa ishirini, Mama Jaha, halafu mnyororo Mpwapwa miezi sita. Mgongo huu hauwezi.”

Hamsa ishirini ndivyo watu walivyoita viboko ishirini na tano, na mtu aliyevipata alilala kifudifudi mwezi mzima. Adija alikaa juu ya kitanda, mumewe chini, wakazungumza hivyo bila kuonana. Aliwaza miezi sita ya kulala peke yake, binti yao Jaha ameolewa mbali Kibakwe, na mume wake, mtu anayelia akichomwa na mwiba, akivunja mawe na chuma shingoni. Alimpenda yule mwoga. Alimpenda sana, na hasira zikampanda kwa sababu hiyo.

“Barua imesema Rajabu maarufu,” alisema polepole. “Wewe u maarufu?”

“Mimi? La.”

“Basi tutafute aliye maarufu.”

*

Jumamosi asubuhi Adija alivaa kanga safi, akaanza kwa Mzee Rajabu. Alimwamkia shikamoo, akaulizia mgongo, akaulizia magoti, kisha akasema kama mtu anayepitisha habari tu kwamba amesikia kwa mwanamke anayepika bomani kuwa Rajabu maarufu anangojewa na joho. Joho la bluu lenye nyuzi za dhahabu, na kofia nyekundu juu yake, kama wanavyopewa maakida. Bwana Shauri, yule Mdachi mkuu wa boma, anataka kumheshimu mtu wa zamani.

Mzee Rajabu akakohoa. Akasema kwa kweli Bagamoyo amekwenda mara kumi na moja, ila hapendi kujisifu.

Kwa Rajabu Mrefu joho lilikuwa la mchinjaji aliyewalisha wageni wa boma nyama safi. Kwa Tarumbeta lilikuwa la askari mwaminifu, na akaanza pale pale kutafuta vifungo vyake vya shaba. Adija alitembea kutoka nyumba hadi nyumba, uwongo ukimjia mwepesi kuliko alivyotegemea, na njiani alijikuta anacheka peke yake huku ameziba mdomo kwa kanga. Tangu azaliwe hajawahi kuamini kwamba wanaume wanaweza kuendeshwa kwa urahisi namna ile. Alijiambia hakuna atakayedhurika. Watafika, wataulizwa habari za turubai, hawatajua lolote, watarudishwa makwao, na Wadachi watachoka na jina la Rajabu.

Ni kwa Rajabu Mazengo alikotaka kukwama. Alimkuta zizini akikamua, wakaamkiana mbukwenyi kwa Kigogo kwa sababu yeye hupenda hivyo, naye akasikiliza habari ya joho mpaka mwisho bila kuacha kazi.

“Mama Jaha, mimi na ng'ombe wangu, joho tutalifanyia nini?” alisema. “Nikipewa, nitakata vipande vitano. Kila somo kipande chake. Mume wako nitampa cha kofia, kichwa chake kinapata jua sana.”

Adija alipokea kibuyu cha maziwa alichopewa bure, akarudi nyumbani hacheki tena, na jioni yote alishona bila kuona anachoshona.

*

Jumatatu saa mbili na nusu Chamhene ilikuwa na sikukuu isiyokuwamo katika kalenda yoyote. Masomo wanne walipanda kilima kwa mstari, na kila mmoja aliapa amekuja kumsindikiza mwenzake tu. Mzee Rajabu alifunga kilemba kikubwa hata njia hakuiona vizuri. Rajabu Mrefu alivaa kanzu ya kakaye, akawa anaikanyaga kila hatua ya tatu. Tarumbeta alitembea kijeshi, vifungo vinang'aa, shati lenyewe halina rangi ya kusemeka. Mazengo alijipaka samli, akaja na fimbo yake. Nyuma yao walifuata wake, wakwe, na watu wa sokoni, na nyuma kabisa Adija, kapu la mayai kichwani kama mtu anayekwenda kuuza.

Bwana Shauri wa pale watu walimwita Bwana Mafua. Vumbi la nchi ya Wagogo halikumkubali hata kidogo, alipiga chafya asubuhi mpaka jioni, na hukumu zake zote zilikatwa katikati na chafya. Alitoka uani na karani wake mpya, Elieza, kijana wa misheni ya Mpwapwa aliyeiandika ile barua, naye Bwana mwenyewe mkononi ameshika shogi.

Adija aliitambua kabla haijageuzwa. Akaweka kapu chini lisije likamdondoka.

“Nani Rajabu maarufu?” aliuliza Bwana Mafua.

“Mimi,” walisema wanne.

Bwana Mafua akawatazama mmoja mmoja, akamtazama Elieza. Elieza akatazama buti zake mwenyewe. Mazengo, akiona mambo yamekwama, akajitolea kuyafungua. Akasema hawa wote ni masomo yake. Bwana Mafua alijua neno somo kwa maana ya darasani tu, akauliza kwa mshangao ni skuli gani inayofundisha wazee, na Elieza akapata kazi ya kumweleza jambo ambalo kwa Kidachi halina hata pa kulianzia. Maelezo yakapigwa chafya mbili.

“Haya,” alisema Bwana Mafua, akainua ile shogi juu. “Nani nashona hii?”

Masomo wakatazamana. Hakuna hata mmoja aliyewahi kushona kifungo. Lakini joho lilikuwa karibu kabisa, labda lipo nyuma ya mlango ule, na umati ulikuwa unawatazama. “Mimi,” alisema Mzee Rajabu. “Mimi,” wakasema Mrefu na Tarumbeta, wamekaribia kuumana. Mazengo alisita, kisha akasema na yeye mimi, maana alidhani kwa Wadachi hivyo ndivyo mtu anavyoitikia.

Bwana Mafua hakukasirika bado. Aliagiza yaletwe magunia manne na shazia nne, zile sindano ndefu za magunia, akawakalisha chini na kusema washone aone.

Watu wa Chamhene waliizungumza nusu saa ile mpaka walipozeeka. Mzee Rajabu alitafuta tundu la sindano kwenye ncha. Rajabu Mrefu alishona kwa nguvu za kuchinja, na aliposimama kuonyesha kazi, gunia likasimama naye, kwa sababu alikwisha lishona pamoja na kanzu ya kakaye. Tarumbeta alijichoma kidole, akakitia mdomoni, na jino moja kati ya yale yaliyolegea likatoka na uzi. Mazengo alifunga fundo zuri la kamba ya ndama, akatulia, akisubiri kusifiwa. Wanawake walilia kwa kicheko, wengine wamejishika mbavu, hata askari Halfani akageuza uso ukutani. Adija naye alicheka, hakuweza kujizuia, machozi yakamtoka, na katikati ya machozi hayo akaona uso wa Bwana Mafua umeiva.

“Wongo,” alisema Bwana Mafua. “Wote wongo. Hamsa ishirini. Kila mtu.”

Kicheko kikafa. Halfani akaingia ndani, akatoka na kiboko, na askari wengine wawili wakaburuta benchi lile ambalo kila mtu alilijua. Mzee Rajabu alifungua kilemba chake mwenyewe, polepole, akakikunja. Bila kilemba alikuwa mzee kweli, shingo kama ya kuku. Rajabu Mazengo akamshika mkono akasema kwa Kiswahili chake kwamba aanze yeye, ngozi yake imezoea miiba, na somo yake apumzike kwanza.

Adija hakuwahi kujichukia kama alivyojichukia pale. Yeye ndiye aliyewapandisha kilima wale watu, nyumba kwa nyumba, na kanga safi. Akinyamaza, mgongo wa mumewe umepona na mzee huyu huenda asiamke tena kwenye benchi. Akisema, shogi ile ipo mkononi mwa Mdachi, na ndege amelala ndani yake chini ya kipande cha gunia. Miguu ilimtangulia kuamua. Alijikuta amekwisha pita katikati ya watu, amechukua shazia kutoka kwa Mrefu, amechuchumaa.

Hakuomba ruhusa. Alikunja ukingo wa gunia, akapitisha mshono wa kwanza, akarudi nyuma nusu, akapitisha wa pili, ule mshono wake wa kurudi nyuma usiokatika hata punda akilalia. Watu wakasogea wakimwangalia, na wengi wao waliona siku ile kwa mara ya kwanza kitu kilichokuwa kikifanyika miaka yote nyuma ya mlango wa Rajabu wa Shogi.

Bwana Mafua aliinama. Akaweka mshono wa gunia kando ya mshono wa shogi, akaufuata kwa ukucha, akapiga chafya, akaufuata tena.

“Ndiyo hii,” alisema. Kisha akaifinya shogi yenyewe, akaisugua kwa kidole gumba. “Nguo nzuri. Nguvu. Natoka wapi?”

Kidole kilikuwa juu ya ndege kabisa. Kati yao palikuwa na unene wa gunia tu.

“Njiani, bwana,” alisema Adija, na maishani mwake hajawahi kusema kweli iliyomtoa jasho namna ile.

“Njiani,” alirudia Bwana Mafua, akaridhika, maana katika nchi ile kila kitu kizuri kilifika kwa njia ya misafara. Akaeleza kwa Kiswahili chake cha amri, Elieza akikinyoosha: wapima njia ya reli wanakuja baada ya mfungo, wana punda ishirini, na migongo ya punda wa boma imekuwa vidonda kwa sababu ya masanduku. Ameiona hii kwa mchukuzi wa chumvi, akaambiwa imeshonwa na Rajabu, na kwamba Rajabu huyo anajulikana. Anataka jozi ishirini kama hii. Turubai litatoka ghala la boma, na fundi atalipwa mwisho wa kila wiki. Wale waongo waende, wasimpotezee siku.

“Jina?” aliuliza, na Elieza akachovya kalamu.

Adija alitazama chini bondeni, pale lilipo paa la nyumba yake. Akisema Adija, ataulizwa Rajabu yuko wapi, na Rajabu akitolewa chini ya kitanda ataungama mambo ambayo hakuulizwa, yote, na siku mzigo ulipodondoka.

“Rajabu,” alisema.

Kalamu ikasimama. Elieza alimtazama kuanzia kanga hadi hereni. “Mama,” alisema kwa sauti ya chini, “Rajabu?”

“Yule maarufu,” alijibu Adija. “Si ndivyo ulivyoandika mwenyewe?”

Elieza aliyatazama magunia manne, akamtazama mzee aliyekuwa anajaribu kufunga tena kilemba, akaona kama ataanza kueleza hapo hawatatoka hadi magharibi. Akaandika. Bwana Mafua, ambaye majina yote ya nchi ile kwake yalikuwa mamoja, alitia sahihi bila kuangalia.

“Na ile ya mfano, bwana,” alisema Adija, mkono amekwisha unyoosha. “Niichukue. Nikiwa nayo mbele, kazi itakwenda upesi.”

Akapewa. Aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akaitia kapuni juu ya mayai. Nusu yalivunjika, wala hakusikia.

*

Kuteremka kilima hakukuwa na mstari. Masomo walitembea wamekumbatiana, wepesi kama watu waliofutiwa kifo, na walipofika kisimani Mrefu akaanza kucheka, na kanzu na gunia vyote vikatikisika, wengine wakafuata, mpaka Mzee Rajabu akaomba akalishwe chini. Hakuna aliyemuuliza Adija habari ya joho. Labda walikuwa wanaona haya, labda walikwisha elewa. Tarumbeta alimsimamisha njiani, akapiga saluti na pengo lake jipya, akasema: “Asante, somo.” Adija alicheka mpaka akashika ukuta.

Nyumbani alifunga mlango kwa komeo. Miguu ya mumewe ilikuwa imerudi nje.

“Nimesikia kelele,” ilisema sauti ya chini ya kitanda. “Wamempata Rajabu?”

“Wamempata.”

“Maskini. Yupi?”

Adija alikaa kitandani, akaiweka shogi mapajani, akachukua kisu. Alikata mshono wa kwanza, kisha wa pili, kipande cha gunia kikafunguka na ndege mweusi akatokea, mabawa wazi. Alimkata vipande vidogo vidogo, akavitupa mekoni kimoja kimoja. Kazi hiyo ilipokwisha, Rajabu alikuwa ametoa kichwa nje, vumbi kwenye nyusi, akitazama moshi.

Alimweleza yote, na hakupunguza kitu. Alimweleza kilemba cha mzee na Mazengo alivyotaka kumtangulia benchini. Alimweleza jina alilolitaja. Rajabu alisikiliza akiwa amelala vilevile nusu ndani nusu nje, na mwisho aliuliza kitu kimoja tu, kama yeye sasa ataitwa nani.

Kabla hajajibiwa, mtu alisimama nje. Ilikuwa sauti ya Mazengo, amekuja na kibuyu kingine cha maziwa.

“Hodi,” aliita. “Hodi nyumbani kwa Rajabu!”

Rajabu alifumbua mdomo aitike. Akamtazama mkewe, akaufumba.

“Karibu, somo,” alisema Adija, akaenda kufungua.